Msiba Nyumbani, Mtihani Chuoni



Mwezi huu tunataka kuzungumzia jambo ambalo zamani, katika vijiji vyetu vya Rulenge, halikuwa na haja ya kuzungumzwa, maana nyumba zenye mtoto wa chuo kikuu zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Leo hali ni nyingine. Karibu kila jumuiya ndogo ndogo ina mama anayesema, "Mwanangu yuko Mwanza," au Dodoma, au Dar es Salaam. Nasi tumejifunza maneno mapya kutoka kwa watoto hao. Bumu ni fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo. Sapu ni mtihani wa marudio. Na disko, wapenzi wasomaji, si muziki wa Jumamosi usiku; ni kuondolewa masomoni.

Linalotusukuma kuandika ni kwamba wapo watoto waliorudi nyumbani na disko bila kuwa wavivu wala walevi. Nyumba ilipatwa na msiba au ugonjwa, wakaacha kila kitu wakaja, na hakuna mtu aliyekitaarifu chuo.

Yuko binti mmoja wa parokia yetu, ambaye jina lake tunalihifadhi. Alikuwa mwaka wa pili, anasomea ualimu. Baba yake alifariki ghafla, wiki mbili kabla ya mitihani ya kufunga muhula. Akapanda basi usiku uleule. Alipofika, akawa ndiye mtoto mkubwa wa kupokea wageni, kupika, kumshika mama yake mkono na kuwalaza wadogo zake. Mitihani ikaja ikapita. Hapa nyumbani kila mtu aliona jambo lililo wazi: amefiwa na baba, chuo wataelewa. Lakini chuo hakielewi kisichoambiwa. Katika orodha ya waliofanya mtihani jina lake halikuwa na alama, na mbele ya kanuni mtu aliyekosa mtihani bila sababu iliyopokelewa ni mtoro tu. Baada ya arobaini alirudi, akakuta jina lake katika orodha ya walioondolewa.

Alikata rufaa. Alizungushwa kwa wiki nyingi, akirudi ofisi hiyohiyo kama yule mjane wa Injili ya Luka aliyemchosha kadhi, mpaka akaruhusiwa kurudia mwaka. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwaka mzima ulikwenda, na ada ya kuurudia mama yake aliitafuta kwa kuuza ndizi na ng'ombe mmoja aliyebaki. Barua ya ukurasa mmoja, kama ingepelekwa katika siku ya tatu ya msiba, ingemwepusha na yote hayo.

Maana ruhusa ipo. Kila chuo kikuu nchini kina kanuni zake za mitihani, na kanuni hizo humruhusu mwanafunzi aliyepatwa na jambo zito aombe nafuu. Nafuu ya kwanza ni kuahirisha mtihani. Akikubaliwa, hufanya baadaye mtihani maalumu, ambao wanafunzi huuita spesho, aghalabu wakati uleule wa sapu, kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza. Tofauti kati ya spesho na sapu mzazi inafaa aijue. Anayefanya sapu amekwisha kushindwa mara moja, na katika vyuo vingi hata akijibu vizuri namna gani hapewi zaidi ya alama C. Anayefanya spesho anahesabiwa kuwa anafanya mtihani kwa mara ya kwanza, na akipata A ni A yake. Nafuu ya pili ni kuahirisha masomo yenyewe, kwa muhula au mwaka, pale tatizo linapokuwa refu: ajali ya kuvunjika mguu, kifua kikuu kilichomdhoofisha sana, mama aliyelala kitandani na hana mwingine wa kumuuguza.

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni la mtoto kujikaza. Anazika Jumanne, Alhamisi yuko katika chumba cha mtihani, macho yamevimba, hajalala, anaandika asiyoyajua. Anafikiri kufanya hivyo ni ushujaa. Ukweli ni kwamba mtu aliyekwisha kuketi na kufanya mtihani atapata shida sana kueleza baadaye kwamba hakuwa na uwezo wa kuufanya. Kuomba kuahirisha kabla ya mtihani ni rahisi mara kumi kuliko kukata rufaa baada ya matokeo.

Barua yenyewe haihitaji Kiingereza cha kupamba. Iandikwe kwa mkuu wa kitivo kupitia kwa mkuu wa idara, na nakala impate mshauri wa wanafunzi. Itaje jina kamili, namba ya usajili, mwaka wa masomo, masomo ambayo mitihani yake inaathirika pamoja na tarehe zake, jambo lililotokea na siku lilipotokea, na ombi lenyewe kwa neno lililo wazi: naomba kuahirisha mitihani, au naomba kuahirisha masomo hadi mwaka ujao. Tumeona barua zinazolia kurasa tatu bila kusema zinaomba nini. Mtoto akiwa hajiwezi, ndugu au mwakilishi wa darasa lake aitangulize taarifa. Siku hizi barua hupigwa picha kwa simu ikafika Dar es Salaam kabla ya jua kuzama. Ila kumpigia mwalimu simu peke yake hakutoshi. Simu haiingii kwenye faili.

Sasa karatasi za ushahidi, na hapa tunasema kama wauguzi. Wenzetu wa Uingereza, katika vyuo kadhaa, humruhusu mwanafunzi kujieleza mwenyewe bila cheti pale tatizo linapokuwa la siku chache. Kwetu karatasi ndiyo inayosema. Kwa mgonjwa, iombwe siku ileile ya matibabu: ED, au karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, yenye tarehe, muhuri na jina la aliyeandika. Akirudi chuoni aipeleke pia kwa daktari wa chuo aithibitishe, kwani vyuo vingi hudai hivyo. Wapo wanaotujia mwezi mmoja baadaye wakitaka tuandike kwamba mtoto "alikuwa mgonjwa" ilhali hatukumwona kabisa. Hatuandiki, na wasitukasirikie. Chuo kikipiga simu hospitali na daftari likasema vingine, mtoto hataondolewa tena kwa utoro bali kwa udanganyifu, na huo hauna rufaa ya huruma.

Wengine huogopa kwamba karatasi itafichua siri ya ugonjwa. Chuo hakihitaji kujua kila kitu. Inatosha tabibu aandike kwamba mtu huyu alilazwa tangu tarehe fulani hadi fulani na hakuwa na uwezo wa kufanya mtihani. Kwa wenye virusi vya UKIMWI, siri yao inalindwa na sheria ya mwaka 2008. Na ugonjwa si homa na jeraha tu. Sonona baada ya kufiwa ni ugonjwa, hutibiwa, nao huandikiwa cheti kama malaria.

Binti mjamzito naye asisubiri. Kadi ya kliniki inaonyesha tarehe ya matarajio miezi mingi mapema. Ailinganishe na ratiba ya mitihani, aandike barua mapema akiwa bado ana nguvu. Tunajua mama akisikia habari ya mimba anaanza na ukali. Sawa, lakini barua iende kwanza.

Kwa msiba, wengi husubiri cheti cha kifo, ambacho hutolewa na RITA kupitia msajili wa wilaya, nacho huweza kuchelewa. Kibali cha mazishi kipo tangu siku ya kwanza, kutoka hospitali au kwa mtendaji wa kijiji kama marehemu alifia nyumbani. Kipelekwe hicho kwanza, pamoja na barua ya mtendaji, cheti kifuate. Hata hivyo kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, kwa sababu tutakayoieleza mbele.

Kuna ugumu mmoja wa mila zetu. Hapa kwetu ndugu wa baba ni baba. Kama ndiye aliyemlea mtoto na kumlipia ada, akifa mtoto amefiwa na baba. Lakini mwanafunzi akiandika "baba" na majina yasilingane na yale ya fomu zake, ataonekana mwongo. Aeleze ukweli wote: ni baba mdogo, ndiye mlezi tangu mwaka fulani, na mtendaji athibitishe.

Yapo pia majanga yanayoshika eneo zima. Machi 2020 vyuo vyote vilifungwa kwa sababu ya korona hadi Juni 1, na hakuna aliyehitaji kuandika barua, kwa kuwa wote walikuwa nyumbani. Lakini Januari 20, 2025 ilipotangazwa homa ya Marburg katika jirani zetu wa Biharamulo, vyuo viliendelea. Ugonjwa ule uliwaua watu 10, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara na 8 wakidhaniwa, mpaka ulipotangazwa kwisha Machi 13. Aliyemgusa mgonjwa wa Marburg hufuatiliwa kwa siku 21. Siku 21 zinaweza kumeza mitihani ya muhula mzima. Mtu wa namna hiyo, hata akiwa mzima kabisa, asitoroke karantini kwa ajili ya mtihani. Waganga wanaomfuatilia wampe barua, naye aitume chuoni.

Tumalizie na fedha. Anayeahirisha masomo, mkopo wake husimama, kwani Bodi ya Mikopo humlipa aliye masomoni. Kwa hiyo siku ya kuondoka apite dawati la mikopo la chuo akiwa na nakala ya barua iliyokubaliwa, na siku ya kurudi apite tena, la sivyo wenzake watasaini bumu yeye akitazama. Asiondoke kamwe kwa maneno ya mdomo kwamba amekubaliwa. Angoje barua, atunze nakala, na nakala nyingine abaki nayo mama nyumbani.

Aliyekuwa akisomeshwa na baba bila mkopo, na baba huyo akafariki, anaweza kuomba mkopo akiwa tayari mwanafunzi, dirisha la maombi linapofunguliwa. Hapo ndipo cheti cha kifo kinapotakiwa, tena kikiwa kimehakikiwa na RITA, na familia iliyochelewa kusajili kifo hujikuta ikihangaika wakati siku za maombi zinakwisha. Naye ambaye tatizo la nyumbani halielekei kwisha upesi anaweza kufikiria Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho mtu husoma akiwa kwake, na ambacho kwa mkoa wetu kina kituo Bukoba.

Katika jumuiya yetu, siku hizi msiba ukitokea tunagawana kazi kama kawaida: kuni, maji, unga, wimbo. Tumeongeza na moja. Mama mmoja anapewa kazi ya kuuliza kama marehemu ana mtoto chuoni, na kumkumbusha mtendaji ile barua kabla watu hawajatawanyika makaburini.