Feri Haihitaji Ukumbi Mkubwa

Kila pantoni ya Kigamboni ikikwama Kivukoni, Dar es Salaam, swali ni lilelile: kwa nini lisijengwe jengo kubwa la kisasa la kusubiria, lenye ghorofa na maduka, msongamano ukaisha? Halijengwi kwa sababu ukumbi hauvushi mtu. Foleni hurefuka pale wanaofika wanapozidi wanaoondoka, na ukumbi hata uwe mpana vipi haugusi hesabu hiyo. Huitoa foleni juani na kuiweka kivulini. Kituo cha namna hii hupimwa kwa watu wanaovuka kwa saa, si kwa mita za mraba. Pantoni ya MV Magogoni ina uwezo wa kubeba abiria 2,000 na magari 60. Tuseme mzunguko wake, kwenda na kurudi, ni dakika 30: kwa saa moja itatoa watu 4,000 Kigamboni. Kuvuka mlango wa bandari kwenyewe ni dakika chache. Muda huliwa kwenye kushusha na kupakia, kwa kuwa waenda kwa miguu, mikokoteni, bodaboda na malori hugombea mteremko mmoja. Punguza dakika 5 hapo, na saa ileile itavusha 4,800. Hao 800 wa ziada ni shehena kamili ya abiria wa pantoni nyingine, MV Kazi, na hakuna chombo kipya kilichonunuliwa. Ghorofa gani italeta hilo?

Nitaambiwa abiria wanastahili heshima, wasinyeshewe. Ni haki yao, na paa refu kutoka gatini hadi kwenye mabasi litawatosha. Nitaambiwa pia Daraja la Nyerere lipo tangu 2016. Lipo Kurasini, na limewafaa wenye magari. Muuza samaki anayetembea kutoka Kigamboni kwenda soko la Feri halimfai kitu. Mwaka huohuo mabasi ya mwendokasi yalianza kufika Kivukoni, na hapo ndipo fundo la pili lilipo: watu 2,000 wakishuka kwa mkupuo, mabasi marefu ya abiria 150 yatahitajika zaidi ya 13. Kwa hiyo ratiba ya basi ifuate ya pantoni, kadi ya nauli iwe moja, daladala na bodaboda zisogezwe zisizibe njia ya miguu, na waenda kwa miguu wapewe lango lao pembeni, kwenye gati linaloelea, litakalopanda na kushuka na maji hata wakati wa bamvua.