Watoto Wataka Theluji: Tuwapeleke Wapi Likizo Hii?

Mtoto wa Kiislamu wa pwani huitaja theluji miaka mingi kabla hajaiona, na wengi huondoka duniani bila kuiona kamwe. Katika sala ya jeneza, miongoni mwa dua aombewazo maiti, twamwomba Mwenyezi Mungu amwoshe marehemu kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Wazee wetu waliisoma dua hiyo Lamu, Mombasa na Vanga, pahali ambapo baridi kuu ni ile ya upepo wa kusi. Hata jina lenyewe tumelipata kwa jirani: theluji twalitoa kwa Waarabu, na barafu kwa Waajemi. Kitu chenyewe hatukuwa nacho mpaka mitambo ilipokuja, na hapo tukakifanya barafu za ukwaju na za ubuyu, tukawauzia watoto.

Watoto wa leo hawatosheki na barafu ya ukwaju. Khasa wale ambao wazazi wao wamepanda bara kwa kazi na kwa biashara, wakafanya maskani katika vitongoji vya magharibi ya Nairobi: Kawangware, Riruta, Waithaka. Waithaka iko juu, kiasi cha mita 1,800 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Julai ukungu huko haufumuki mpaka karibu na adhuhuri. Mtoto aliyezaliwa Mombasa akavishwa sweta mbili kwenda shule hawezi kuambiwa tena kuwa baridi ni jambo la Wazungu. Huitazama theluji katika televisheni, huwasikia wenzake darasani, na shule zikifungwa huuliza: mbona nasi tusiende kuteleza?

Katika nyumba moja ya Waithaka niijuayo swali hili liliwagawa watu wanne pande nne. Baba alitaka Dubai, kwani dada yake anaishi huko na malazi yangekuwa bure. Mama alisema mlima Kenya u karibu, na ni aibu kuruka bahari kutafuta kilicho mlangoni. Kijana wa kidato cha pili alikuwa amesikia habari za Lesotho. Na bibi, aliyeko Mji wa Kale Mombasa, alipopigiwa simu alisema maneno machache tu: "Wajukuu zangu, mimi sina theluji, lakini nina macho yanayofifia. Njooni niwaone."

Bibi tutamrudia. Kwanza tuwaondolee aibu wale wanaodhani kuwa mtu mweusi na mchezo wa skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, ni vitu visivyokutana. Philip Boit, Mkenya kutoka bonde la ufa, alipelekwa Finland kujifunza mchezo huo, na mwaka 1998 akashiriki Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10. Alikuwa wa mwisho, nambari 92. Walakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alingoja penye mwisho wa mbio mpaka Boit alipofika, akamkumbatia. Boit naye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Mwaka 2018 huko Pyeongchang, Korea Kusini, Kenya iliwakilishwa na msichana, Sabrina Simader. Huyu, wasomaji wetu wa pwani, ni mzaliwa wa Kilifi! Alichukuliwa Austria angali mdogo, akakulia milimani.

Wala tusidanganyike kwamba theluji ni ya nchi za Kikristo. Uajemi kuna Dizin, kaskazini ya Teherani, ambako watu hupandishwa kwa waya hadi mita 3,600 hivi. Uturuki kuna Uludağ, juu ya mji wa Bursa uliokuwa makao ya masultani wa Kiosmani kabla ya Istanbul. Lebanoni kuna Mzaar, na Moroko kuna Oukaïmeden, mwendo mfupi wa gari kutoka Marrakech.

Hapa ndipo penye kikwazo ambacho matangazo ya mawakala wa safari hayakitaji. Shule zetu hufungwa mara tatu: Aprili, Agosti, na ile likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Theluji ya kaskazini ya dunia haifuati kalenda ya Wizara ya Elimu. Moroko, kwa mfano, hunawiri Januari mpaka Machi: Desemba waweza kufika ukakuta mawe matupu, na Aprili ukakuta tope. Uludağ hufunguka kwa kawaida baada ya katikati ya Desemba, nasi mwanzoni mwa Januari twatakiwa tuwe tumekwisha kushona sare. Kwa hiyo kabla hujafungua mkoba, fungua kalenda. Mtu wa Waithaka mwenye watoto shuleni hubakiwa na mahali patatu tu: Lesotho mwezi wa Agosti, Dubai wakati wowote, na mlima Kenya.

Lesotho iko kusini ya dunia, na baridi yake ni Juni mpaka Agosti. Huko, katika milima ya Maluti, pana kituo kiitwacho Afriski, mita 3,222 juu ya bahari, chenye mteremko wa kadiri ya kilomita moja. Theluji ya mbinguni isipotosha, mitambo huongeza. Ukitaka mtoto ajifunze skii ya kweli, chini ya jua la kweli na mwalimu akimshika mkono, basi katika likizo ya Agosti sijui mahali pa karibu zaidi. Wakenya tangu Januari 2023 huingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90 katika mwaka, na hilo limerahisisha njia ya Johannesburg. Lakini kutoka Johannesburg ni mwendo wa gari wa saa nne au tano, na sehemu ya mwisho ni kona za milimani ambazo hutapisha watoto. Nunueni nyama na vyakula vya halali Fordsburg kabla ya kuondoka mjini, kwani huko juu msitarajie kuchaguliwa.

Dubai ni habari nyingine. Mwaka 2005 ndani ya duka kubwa la Mall of the Emirates walifungua ukumbi mmoja mrefu mithili ya ghala lililoinama, wakaujaza theluji. Mna miteremko mitano, na ulio mrefu ni mita 400. Nje, joto la Agosti hupita nyuzi 40. Ndani ni nyuzi moja au mbili chini ya sufuri. Koti, suruali na viatu hupewa mtu pamoja na tikiti. Mna viti vinavyoning'inia kwenye waya, na mna ndege pengwini wa kutazamwa. Pa kusalia papo, chakula ni halali, na Kiswahili hakikosekani mjini, maana Waswahili wa Ghuba ni wengi. Mama aliyevaa hijabu hatatazamwa na mtu, na kwa hakika katika theluji kila mtu amejisitiri mpaka kidevuni. Nimewasikia wengi wakipasifu, na sina sababu ya kuwapinga. Hata hivyo, msomaji, ni chumba. Hakuna upeo wa macho wala upepo, na mtoto akimaliza saa zake mbili hutoka akaingia dukani kuomba viatu. Kama shangazi yuko Dubai, nendeni kumzuru shangazi, na theluji iwe nyongeza. Ukumbi ule hautakimbia, na hata baada ya miaka kumi mashine zitakuwa zinaumba theluji kila usiku.

Mlima Kenya hauna ahadi hiyo, na ndiyo sababu mimi nimo upande wa yule mama wa Waithaka.

Kwanza tukumbuke kuwa habari za theluji ya Afrika ya Mashariki zilitoka pwani. Johannes Rebmann, mmishenari wa Rabai, aliondoka kwenda Uchaga, na tarehe 11 Mei 1848 akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake hakuwa na jina la kitu kile. Alichojua ni kwamba ni baridi. Kulikuwa na hadithi kuwa ni fedha, na kwamba walioifuata waliichukua chomboni ikawageukia maji. Mwenziwe, Krapf, aliuona mlima Kenya kutoka Ukambani mwaka uliofuata. Mabwana wa jiografia London walicheka: theluji penye ikweta! Watu wa misafara walikuwa wameutazama weupe ule miaka mingi bila kumwomba London ruhusa.

Weupe huo sasa unakwisha. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote za mlima Kenya, ilipoteza asilimia 90 hivi ya ujazo wake baina ya mwaka 1934 na 2010. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba barafu za kudumu za Afrika ya Mashariki zaweza kwisha katika miaka ya 2040, na kwamba mlima Kenya huenda ukatangulia kwa mwongo mzima. Mtoto aliye darasa la tatu leo aweza kuwa na shahada mkononi siku ambayo vitabu vya shule vitasema "palikuwa na barafu." Theluji itaendelea kuanguka usiku na kuyeyuka mchana, lakini ile iliyokaa karne kwa karne haitakuwapo.

Walakini nasema wazi: mlima Kenya si mahali pa skii, na si mchezo wa watoto wachanga. Kilele cha Batian, mita 5,199, ni cha wakwea miamba wenye kamba. Lenana, mita 4,985, ambako Kisoi Munyao alisimamisha bendera ya uhuru Desemba 1963, hufikiwa kwa miguu, lakini hewa yake ni nyembamba na huwalaza watu wazima. Kichwa kikiuma sana, mtoto akatapika na kuyumba, dawa ni moja: kushuka, hata kama ni usiku, hata kama nauli imelipwa. Nashauri familia isiweke Lenana katika hesabu. Pandeni kwa lango la Sirimon, upande wa Nanyuki, mwendo wa kilomita 200 na ziada kutoka mjini Nairobi. Laleni siku mbili, si moja, katika kambi ya Old Moses, mita 3,300, mwili uzoee. Wenye nguvu, tuseme kuanzia miaka kumi na miwili, waendelee na kiongozi hadi kambi ya Shipton, kama mita 4,200. Hapo vilele husimama mbele ya macho, na alfajiri vidimbwi hukutwa vimeganda. Mtoto atavunja barafu kwa mkono wake, barafu ambayo hakuna mtambo ulioigandisha. Nendeni Agosti au mwisho wa Desemba; Aprili ni mvua na matope.

Kuhusu ibada, kutoka Waithaka hadi mlimani ni zaidi ya marhala mbili, ambazo kwa makadirio ya madhehebu yetu ya Shafii ni kilomita 80 na ushei, kwa hiyo sala hufupishwa. Anayehama kambi hadi kambi huendelea kuwa msafiri. Lakini anayekwenda Dubai hali amenuia tangu mwanzo kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, akifika husali kamili. Wengi hughafilika katika hili. Kadhalika kuna ruhusa ya kupaka maji juu ya khofu, yaani kiatu kifunikacho vifundo, endapo kilivaliwa baada ya udhu uliotimia: mwenyeji mchana na usiku mmoja, msafiri siku tatu na usiku wake. Kwa baridi ya mlimani hiyo ni rehema kubwa. Viatu vigumu vya skii vina mjadala wake. Muulizeni sheikh wenu kabla ya safari, msimwulize kwa simu mkiwa mmekwisha kufungwa miguu. Mpishi wa mlimani hupika anachopewa, basi chukueni nyama yenu, tende na mahamri.

Na bibi? Hilo ndilo zito kuliko yote, maana likizo ya shule kwa watoto wa pwani walioko bara haikuwa matembezi tu. Ndio wakati wa kurudishiwa lugha, kuonyeshwa makaburi ya wazee na kufundishwa nani ni nani katika ukoo. Nimewaona watoto wa Waithaka wasemao Kiswahili cha matatu, ambao mbele ya bibi yao huona haya kufungua kinywa. Dubai na Lesotho humeza likizo nzima pamoja na akiba ya nauli. Mlima huchukua siku sita, kwenda na kurudi, na katika likizo ya wiki kadhaa hubaki nafasi ya kutosha ya kuteremka Mombasa. Hesabu hiyo ilinishawishi zaidi ya hoja nyingine yoyote.

Nguo nzito msinunue katika maduka ya watalii. Pitieni mitumba ya Gikomba au ya Kawangware mapema, kabla wenye safari kama yenu hawajaamka: koti lisilopenya maji, soksi za sufu jozi tatu kwa kila mtoto, kofia ya kufunika masikio, na glavu mbilimbili, kwani ya kwanza italowa siku ile ile.