Visiwa vya Komoro na Shauri la Maore

Wasomaji wetu wa Mkonze, walio mbali na bahari, huenda wakauliza: Mambo ya visiwa yatuhusu nini sisi tulimao mtama na zabibu? Twajibu kwamba mwezi wa Machi 2008 askari wa Tanzania walivuka bahari wakatua Nzwani, kimoja katika visiwa vya Komoro. Wala mtu hawezi kufahamu walikwenda kufanya nini huko asipojua kwanza habari za visiwa vile tangu asili yake.

Visiwa hivyo ni vinne, navyo vimo baharini kati ya Msumbiji na Madagaska, nchi ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini. Majina yake ni Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte. Watu wake wengi ni Waislamu, na lugha zao ni ndugu za karibu za Kiswahili, ila huko Maore wako pia watu wasemao Kibushi, lugha iliyotoka Bukini. Wangazija wamekaa Unguja na Dar es Salaam tangu zamani, na katika miaka ya 1960 wako waliofanya chama huko Dar es Salaam cha kudai uhuru wa visiwa vyao.

Chanzo cha ugomvi ni cha zamani. Mwaka 1841 Sultani Andriantsoly wa Maore, mtu wa asili ya Bukini aliyezungukwa na maadui, aliwapa Wafaransa kisiwa chake kwa mkataba. Visiwa vile vitatu vingine havikuingia chini ya ulinzi wa Ufaransa mpaka mwaka 1886. Basi Maore kilitangulia wenziwe kwa miaka 45, na makao ya Serikali yakawa Dzaoudzi, kijisiwa cha huko huko Maore. Mwaka 1912 vyote vinne vilifanywa koloni na kufungwa pamoja na Madagaska. Mwaka 1946 vikatengwa nayo vikawa na serikali yake.

Mwaka 1958 wajumbe wa visiwa walikata shauri kwamba makao ya Serikali yahame Dzaoudzi yaende Moroni, kisiwani Ngazija. Kwa mtu aliye mbali jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini watu wa Dodoma wajua vema maana ya makao makuu: yakija huleta kazi, barabara na soko, na yakiondoka huondoka na vitu hivyo. Watu wa Maore, wachache kuliko Wangazija na Wanzwani, waliona wameachwa mikono mitupu. Walioudhika zaidi walikuwa wanawake. Wakiongozwa na Zéna M'Déré, walikuwa wakiwapokea wakubwa waliotoka Moroni, wakiwazunguka na kuwatekenya, hata wakubwa hao wakaona haya na kurudi walikotoka. Twasema kweli, katika habari zote za siasa tulizopata kusoma hatujaona silaha nyingine kama hiyo.

Ikaja siku ya kura, tarehe 22 Desemba 1974. Watu waliulizwa kama wataka uhuru. Kura zote zilipojumlishwa, karibu 95 katika kila 100 zilisema ndiyo. Lakini huko Maore peke yake kura kama 64 katika kila 100 zilikataa. Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Je, kura zihesabiwe kwa pamoja, au kisiwa kwa kisiwa? Wakuu wa Moroni walisema kwa pamoja, maana nchi ni moja. Bunge la Ufaransa likaamua mwaka 1975 kwamba kila kisiwa kiwe na kauli yake. Ahmed Abdallah, mkuu wa serikali ya visiwa, hakungoja. Tarehe 6 Julai 1975 alitangaza uhuru. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kuwa nchi ya visiwa vinne. Mwezi wa Februari 1976 watu wa Maore walipiga kura tena, na kura zaidi ya 99 katika kila 100 zikataka kubaki na Ufaransa. Baraza la Usalama lilipotaka kuizuia kura hiyo, Ufaransa ililikataza kwa kura yake ya turufu.

Kila upande una hoja yake. Komoro husema kwamba mkoloni hana ruhusa ya kuikata nchi vipande siku anayoondoka. Na kama kila kipande kikihesabiwa peke yake, ni nchi gani ya Afrika ingebaki nzima? Watu wa Maore hujibu kwamba hakuna aliyewakata, wamechagua wenyewe. Sisi twaona hoja ya kwanza ina nguvu katika sheria, na ya pili ina nguvu katika kura. Na ndiyo sababu shauri halikwisha.

Wala jambo hili si la Komoro peke yake. Katika visiwa vya Karibi, Anguilla ilikataa mwaka 1967 kuwekwa chini ya St. Kitts, ikaomba ibaki na Uingereza, na mwaka 1980 ikatengwa rasmi. Nasi hapa, katika Bunge Maalum la Katiba lililokutana Dodoma mwaka 2014, ubishi mkubwa ulikuwa juu ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar: serikali ziwe mbili au tatu?

Mwaka 1997 Nzwani nayo ilijitenga na Moroni, ikaomba kurudi kwa Ufaransa, lakini Ufaransa ilikataa. Katiba ya 2001 ikaleta mapatano kwamba urais uzunguke kisiwa kwa kisiwa. Hata hivyo Kanali Mohamed Bacar wa Nzwani alishikilia madaraka asiachie. Ndipo Umoja wa Afrika, ambao mwenyekiti wake mwaka ule wa 2008 alikuwa Rais Jakaya Kikwete, ulipotuma askari wa Tanzania na Sudan kuwasaidia askari wa Komoro. Walitua tarehe 25 Machi, na Bacar akakimbilia Maore kwa mashua.

Maore yenyewe ilipiga kura nyingine mwaka 2009, na mwaka 2011 ikawa mkoa wa 101 wa Ufaransa. Fedha yake ni ya Ulaya, na shule na hospitali zake ni za Kifaransa. Lakini tangu mwaka 1995 mtu wa Nzwani hana ruhusa ya kwenda Maore bila kibali, ijapokuwa bahari iliyo kati yao yapata kilomita 70 tu na wengi wana shangazi na wajomba ng'ambo. Kwa hiyo huvuka usiku kwa mashua ndogo zilizojaa kupita kiasi, na watu maelfu wamekufa maji. Sensa ya 2017 ilihesabu watu 256,518 Maore, karibu nusu yao wakiwa si raia wa Ufaransa. Tufani kuu ya Desemba 2024 ilipokipiga kisiwa hicho, vibanda vya mabati vya watu hao ndivyo vilivyobomolewa zaidi.

Serikali ya Komoro haijaacha kukidai kisiwa hicho. Bendera yake ina mistari minne na nyota nne, na mstari mweupe ni wa Maore.