Kinubi Kilichochorwa na Kinubi Kinachopigwa: Funzo la Ugiriki na Baroki kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Sanaa hugawanywa katika mafungu mawili: za kuonwa, kama uchoraji, na za kusikiwa, kama muziki na ushairi unaoimbwa. Makala haya yanalinganisha uchoraji wa Wagiriki wa kale na muziki wa Baroki wa Ulaya (takriban 1600 hadi 1750), kisha yanadhihirisha funzo ambalo mtafiti wa fasihi simulizi nchini Kenya anaweza kulipata.

Picha Isiyo na Sauti

Wagiriki walichora wapiga vinubi wengi juu ya vyombo vya udongo. Katika mtungi wa mnamo 490 K.K., uliohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kijana anapiga kithara, yaani kinubi kikubwa cha mbao, huku ameinua kichwa na kufumbua kinywa akiimba. Mchoraji ameizungushia sura yake weusi mtupu ili jicho litulie kwa mwimbaji. Ala inaonekana, mkao unaonekana, wimbo haupo.

Jitihada za Baroki

Mwishoni mwa karne ya 16, wasomi wa Florence walitaka kuufufua uimbaji huo. Mwaka 1581 Vincenzo Galilei, babake mwanafalaki Galileo, alichapisha nyimbo chache za Kigiriki pamoja na alama zake za muziki, ila hakuweza kuzisoma alama hizo. Wasomi hao walibuni uimbaji wa sauti moja unaofuata mwendo wa usemi, ukisindikizwa na kitarone, ala iliyopewa jina kutokana na kithara. Hata hivyo, kitarone ilikuwa na shingo ndefu ambapo nyuzi hubanwa kwa vidole, ilhali kithara ilikuwa na mikono miwili iliyounganishwa kwa mti juu. Matokeo yake yalikuwa opera, na mwaka 1607 Monteverdi alitunga *Orfeo*, kisa cha mpiga kinubi wa Kigiriki. Walitafuta cha kale, wakapata kipya.

Nyatiti na Jamaa Zake

Umbo lililochorwa mtungini lingali hai nchini Kenya. Nyatiti ya Waluo, litungu ya Wabukusu na obokano ya Wagusii zote zina mikono miwili, mti wa juu na kisanduku cha sauti kilichowambwa ngozi. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, akagonga mti wa ala kwa pete ya chuma iliyovishwa kidole gumba cha mguu, huku njuga zikilia mguuni. Hadhira nayo huukatiza wimbo kwa pakruok, yaani majigambo, kisha wimbo ukaendelea. Hivyo mizani ya ushairi huo haimo katika maneno pekee. Imo pia katika nyuzi, chuma, njuga na vinywa vya wasikilizaji.

Hitimisho

Mtafiti anayenakili maneno ya nyatiti na kuiacha ala anawaachia wajukuu mtungi uliochorwa: watamwona mwimbaji, hawatamsikia. Wasomi wa Florence hawakuwa na hiari, kwani waimbaji walikwisha kufa. Mwanafunzi anayeishi Riruta hana udhuru huo. Bomas of Kenya, Lang'ata, si mbali, na wahamiaji kutoka Nyanza na Magharibi ni majirani zake. Inampasa arekodi sauti, achore ala, aeleze mkao na hadhira, ndipo ayaandike maneno. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la fasihi simulizi halitoshi likiwa na maneno matupu.