Ukubwa wa Kiungo Kilichovimba na Njia za Kuupima

Yako maradhi ambayo mwanzoni hayamwangushi mgonjwa kitandani, bali humzidishia mguu au mkono siku baada ya siku, hata kiatu kikakataa kuingia na pete ikakwama kidoleni. Katika Uganda sababu zake si chache: matende yaletwayo na mbu katika mikoa ya kaskazini, uvimbe wa miguu uwapatao wakulima wa Kamwenge waliokanyaga miaka mingi, pasipo viatu, udongo wenye asili ya volkano, saratani ya Kaposi, na uvimbe wa mkono wa mwanamke aliyepasuliwa titi kwa saratani akaondolewa na tezi za kwapani, zilizokuwa njia ya majimaji yaitwayo limfu. Katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, na popote pengine uvimbe huo unapotibiwa, tabibu asiyejua ukubwa wa kiungo leo hawezi kunena kwa yakini kwamba bandeji alizozifunga zimefaa.

Njia kongwe ni ya maji. Asimamaye gatini Port Bell, akaitazama meli ya Mwanza ikipakiwa shehena, huona ubavu wake ukizama kwa kadiri ya mzigo, kwa kuwa chombo kieleacho husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Kiungo kilichozamishwa chote hakitupi uzito wake, bali ujazo: mkono ukitiwa katika chombo kilichojaa hadi mdomoni, maji yanayomwagika hukingwa na kupimwa, na kila gramu moja ni mililita moja ya mkono. Hapana njia iliyo sahihi kuliko hiyo kwa kiganja na unyayo, ambavyo umbo lake halifuati hisabu nyepesi. Walakini haimfai mwenye kidonda kibichi, wala haituambii uvimbe umekaa wapi, na chombo hakina budi kusafishwa vizuri kabla ya mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo aghalabu hutumiwa utepe wa kupimia. Kiungo hutiwa alama kila baada ya sentimita 4, mzingo ukapimwa penye kila alama, na kila kipande kikahesabiwa kama pia iliyokatwa ncha. Tuseme mizingo miwili ni sentimita 24 na 28: kipande hicho kina takriban mililita 216. Ikiwa utepe umelegea nusu sentimita tu katika kila mzingo, kipande huongezeka mililita 8 hivi, na vipande kumi vikifuatana, mgonjwa huandikiwa mililita 80 na zaidi ambazo hakuwa nazo. Ndiyo maana mkono wa mpimaji mmoja, aliyefunzwa asikaze wala asilegeze, una thamani kubwa.

Ziko pia mashine zinazokisoma kiungo kwa miali isiyoonekana, na nyingine zipitishazo mkondo hafifu wa umeme mwilini ili kutambua majimaji kabla jicho halijaona uvimbe; hizi za pili hazipimi ujazo hasa, na zote mbili ni ghali.

Mimi nauchagua utepe kwa mkazi wa Port Bell ambaye atapimwa mara nyingi, madhali atapimwa kwa njia moja daima, kwa alama zile zile na katika saa ile ile, kwani mguu wa jioni si mguu wa asubuhi. Kubadili njia katikati ya tiba ni kuharibu ushahidi wote uliotangulia. Hali kadhalika, tofauti ya mililita 200 au asilimia 10 baina ya mikono miwili, ambayo matabibu wengi huihesabu kuwa dalili ya maradhi, yaweza kudanganya, kwa sababu mkono utumikao zaidi huwa mkubwa kidogo tangu uzima. Basi mwanamke anayengoja kupasuliwa titi na aombe mikono yake yote miwili ipimwe na kuandikwa kabla ya siku ya upasuaji.