Muuza dawa mtandaoni anaongea lugha yetu, daktari yuko wapi?

Andika "UTI sugu" kwenye simu yako uone. Majibu hayachelewi. Utakutana na mtu aliyevaa koti jeupe, kipimo cha mapigo kinaning'inia shingoni, jina lake linaanza na "Dk." na halina ubini. Chini ya picha kuna orodha ya dalili: uchovu, kiuno kuuma, tumbo kujaa gesi, kukosa hamu ya tendo, usingizi wa mang'amung'amu. Ni nani aliyevuka miaka 25 asiyejikuta humo? Zinafuata shuhuda za waliopona, halafu dozi ya siku 21, halafu bei ya ofa inayokwisha leo usiku, halafu namba ya WhatsApp na maneno ambayo kila mwenye simu ameshayazoea: tunatuma mikoani, mzigo unakufikia popote ulipo.

Neno moja halimo katika tangazo zima, nalo ni kipimo. Mtu ambaye maambukizi ya njia ya mkojo yanamrudia mara kwa mara hahitaji dozi nyingine ya kubahatisha. Anahitaji mkojo wake uoteshwe maabara, kazi ya siku mbili tatu, ijulikane ana bakteria gani na ni dawa ipi inayowaua. Pengine hana maambukizi kabisa. Pengine kukojoa mara kwa mara kunatokana na kisukari ambacho hakijagunduliwa, au maumivu yale ya kiuno ni mawe ya figo. Muuzaji hawezi kuyasema haya, maana akiyasema mteja ataenda maabara na mzigo utabaki dukani.

Nafuatilia kwa karibu taarifa za afya zinazoandikwa kwa Kiswahili mtandaoni. Uongo umejaa, hilo kila mtu analiona. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ukweli upo, wanaoujua wapo, na bado hausikiki. Daktari aliyesoma miaka mingi anaandika aya moja kuhusu presha, anapata wasomaji wachache wanaofahamiana naye. Muuza unga wa majani asiyejua kushika mashine ya kupimia presha anapata maelfu, na nusu yao wanamwandikia usiku huo huo kumweleza siri ambazo hawajawahi kumwambia hata nesi.

Tuseme kwa haki kwa nini wanamwandikia yeye. Anaongea kama wao. Anasema chango, ngiri, bawasiri, mchafuko wa homoni, uvimbe kwenye kizazi, nguvu za kiume. Anajibu saa tano usiku, wakati mwenye hofu hana pa kukimbilia. Anamwita mteja dada yangu, anamuuliza tatizo limeanza lini, anamwacha aeleze mpaka amalize. Mgonjwa huyo huyo akienda hospitali anakaa foleni asubuhi nzima, anaingia chumbani, anapewa dakika chache, na maelezo anayopewa nusu yake ni Kiingereza. Anatoka na karatasi ya dawa asiyoweza kuisoma. Kisha sisi tunashangaa kwa nini jioni anafungua simu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema wananchi wetu ni wajinga. Wananchi wanakwenda kule wanakosikilizwa. Mtaalamu anayetaka kusikika katika kelele hizi ana njia moja: aongee lugha ile ile, ajibu swali lile lile, kisha aseme yale ambayo muuzaji hathubutu kuyasema.

Tuchukue kuharisha kwa watoto. Tiba inayookoa maisha ni ya bei ndogo mno: pakiti ya ORS, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Pakiti isipopatikana, mama anaweza kutumia lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, akamnywesha mtoto kidogo kidogo huku akiendelea kumnyonyesha. Vipimo hivyo visizidi, kwa sababu chumvi nyingi inamdhuru mtoto. Macho yakizama, mtoto akilegea, akishindwa kunywa, au damu ikionekana kwenye choo, aende kituo cha afya muda huo huo. Huo ni ujumbe unaoweza kusomwa chini ya dakika moja. Sasa niambie nani analipia tangazo lake. Hakuna, kwa sababu hakuna faida ndani ya sukari na chumvi. Mitandao inasukuma mbele kilicholipiwa na kinachowasisimua watu, na ushauri bora wa afya mara nyingi haumo katika makundi hayo mawili: unawe mikono, umalize dozi, urudi kliniki tarehe uliyopangiwa.

Enzi za redio mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu takriban milioni mbili walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu mkononi. Walisikiliza kipindi kuhusu malaria, minyoo, kuhara damu, kichocho, kifua kikuu, kisha wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Sisemi turudi huko; redio ile ilikuwa sauti moja na serikali ndiyo iliyoishika. Lakini waandaaji wake walijua jambo ambalo tumelisahau, kwamba taarifa haitoshi kurushwa hewani. Lazima awepo mtu anayefahamika, wa mahali hapo, anayeweza kuulizwa swali la pili.

Leo swali la pili linaulizwa WhatsApp, na anayelijibu ni muuzaji.

Huko duniani wamejaribu kuweka alama za kuaminika. Taasisi ya Health On the Net ya Uswisi ilianza mwaka 1996 kutoa nembo kwa tovuti za afya zilizotimiza masharti: nani kaandika, ana taaluma gani, ametoa wapi taarifa, lini, na nani anailipia tovuti hiyo. Masharti mazuri kabisa. Mwaka 2022 taasisi hiyo ilifungwa. Google nayo, Agosti 2018, ilifanya mabadiliko yaliyoangusha tovuti nyingi za afya katika matokeo ya utafutaji, na miongozo ya wakaguzi wake inataka kurasa zinazogusa uhai wa watu zionyeshe utaalamu na uaminifu wa mwandishi. Yote hayo yanamsaidia zaidi anayesoma Kiingereza kwenye tovuti. Muuza dawa wetu hana haja na tovuti. Biashara yake iko Instagram, TikTok na Facebook, na mauzo yanafungwa WhatsApp, ambako hakuna mkaguzi anayeingia.

Wala Kiswahili cha kamusi peke yake hakitoshi. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 mashariki mwa Kongo ulidumu mpaka Juni 2020 na kuua zaidi ya watu 2,200. Kule Beni, Butembo na Goma watu wanaongea Kiswahili, lakini ni Kiswahili chao cha Kongo. Shirika la Translators without Borders lilipokwenda kuwauliza wananchi, lilikuta ujumbe wa Kifaransa na wa Kiswahili sanifu ukiwapita wengi pembeni, na maneno ya kitaalamu yakizidisha hofu badala ya kuipunguza. Tetesi zilikuwa kwa lugha ya nyumbani, maelezo ya kuokoa maisha yalikuwa kwa lugha ya ofisini. Kwa mtu anayeandika masuala ya afya kwa Kiswahili, popote alipo, sijui funzo lililo kubwa kuliko hilo.

Basi ujumbe unaosikika unaandikwaje? Nitatoa mfano wa swali ninaloliona kila mara: "Nina mimba ya miezi saba, miguu inavimba, ni kawaida?" Muuzaji atajibu kwa chai ya kuondoa maji mwilini. Ukurasa wa taasisi ya afya, ukijibu, utaweka bango lenye nembo nne na kauli mbiu. Jibu linalostahili linakwenda moja kwa moja. Miguu kuvimba jioni, hasa ukishinda umesimama, huwapata wajawazito wengi, na hupungua ukilala au ukiinua miguu. Lakini uvimbe ukitokea ghafla, ukapanda usoni na mikononi, ukaumwa kichwa kisichotulia, ukaona ukungu au vimulimuli, ukasikia maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo yaweza kuwa dalili ya presha ya mimba inayoelekea kwenye kifafa cha mimba. Usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda leo, upimwe presha na mkojo. Usinywe dawa yoyote ya kupunguza maji kabla ya kupimwa.

Angalia jibu hilo lina nini. Limetumia maneno ya aliyeuliza. Limemtuliza pale panapostahili utulivu na kumtisha pale hofu inapookoa. Limemwambia aende wapi, akafanyiwe nini. Na halikuuza kitu. Mwandishi akiongeza jina lake kamili, kazi yake na tarehe aliyoandika, tayari amejitenga na kundi kubwa la wanaopiga kelele.

Jina na tarehe viandikwe ndani ya picha au maandishi yenyewe, kwa sababu ujumbe ukishaanza kusambazwa huwa unaachana na mwenyewe. Usambazaji huo ni mkubwa kiasi kwamba Aprili 2020, wakati wa korona, WhatsApp ililazimika kuzuia ujumbe uliosambazwa sana usipelekwe kwenye zaidi ya gumzo moja kwa wakati mmoja. Mbali na picha na maandishi, ujumbe mfupi wa sauti nao una nguvu, maana hauli bando kama video na unamfikia bibi asiyesoma maandishi madogo.

Jambo gumu kuliko yote kwa mtaalamu ni kusema mwisho wa ujuzi wake. "Hili siwezi kulijua bila kukupima." Wengi wanadhani kauli hiyo inawafukuza wasomaji. Mimi naamini ndiyo inayojenga imani ya muda mrefu, kwa kuwa mgonjwa aliyezungushwa na waponyaji watano waliojua kila kitu anamtambua mara moja yule anayemheshimu kiasi cha kumwambia ukweli. Ahadi ya kupona kabisa kwa siku 21 haipaswi kutoka kinywani mwa mtu wa afya anayezungumzia kisukari au presha. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza akiachishwa insulini kwa ahadi kama hiyo, siku chache zinatosha kumpoteza.

Nisieleweke vibaya kuhusu tiba asili. Tanzania ina sheria yake tangu mwaka 2002, ina baraza lake, na wapo waganga waliosajiliwa wanaofanya kazi kwa uadilifu na kuwapeleka wagonjwa hospitali pale hali inapowazidi. Wanaoharibu ni wale wanaojificha nyuma ya namba ya simu. Tangazo la dawa halitakiwi kutoka bila kibali, na mamlaka zetu, ikiwemo TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, zinapaswa kulisimamia hilo mtandaoni kwa bidii ile ile zinayoitumia kukagua maduka ya dawa.

Hata hivyo kufunga kurasa peke yake hakutasaidia ikiwa maswali yatabaki bila majibu. Kurasa za taasisi nyingi za afya katika nchi zetu zimejaa picha za mikutano, wageni rasmi na uzinduzi. Chini ya picha hizo, kwenye maoni, mama anauliza mwanawe wa miezi minane ana homa ya siku ya tatu afanye nini, na hajibiwi na mtu. Hapo ndipo tunapomkabidhi kwa muuzaji kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa madaktari, manesi, wafamasia na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaosoma hapa: chukueni swali moja mnaloulizwa kila siku kazini, liandikieni jibu kwa Kiswahili cha mtaani kwenu, wekeni jina na tarehe, mlitume kwenye makundi ya WhatsApp mliyomo tayari, ya ukoo, ya kanisani, ya msikitini, ya wazazi wa shule. Wiki ijayo jibuni lingine. Msisubiri mfadhili wala semina.

Na kwa msomaji mwenye tangazo la dawa kwenye simu yake sasa hivi: kabla ya kutuma hela, uliza jina kamili la anayekuhudumia na mahali aliposajiliwa. Kenya, baraza la madaktari, KMPDC, linaweka orodha ya madaktari wenye leseni mtandaoni, na jina unaweza kulitafuta mwenyewe. Tanzania, piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bila malipo, umuulize mtu asiye na mzigo wa kukuuzia.