Maji ya Kuoshea Kioo cha Gari Wakati wa Kipupwe

Mkulima wa viazi katika nyanda za juu za Makete hahitaji kuelezwa maana ya jalidi. Akiamka alfajiri ya mwezi Julai na kuyaona majani yamevikwa weupe kana kwamba yamenyunyiziwa chumvi, hutambua kuwa kabla ya adhuhuri sehemu ya shamba lake itakuwa imenyauka na kuwa nyeusi. Jirani yake mwenye gari humpa pole kwa dhati, kisha huenda kuwasha gari lake bila kukumbuka kwamba baridi iliyogandisha umande shambani imegandisha pia maji yaliyomo chini ya boneti yake mwenyewe.

Makala haya yanahusu maji hayo: yale yanayowekwa katika tanki dogo la plastiki na kurushwa kwenye kioo cha mbele dereva anapobonyeza swichi ya waipa. Ni kitu kidogo, nacho hukaguliwa kwa nadra. Wengi huuliza habari za oili, za maji ya rejeta na za upepo wa matairi, lakini tanki la waipa hujazwa maji ya bomba au ya kijito siku likikumbukwa, na mara nyingi hukumbukwa likiwa limekwisha kukauka.

Katika wilaya zenye joto uzembe huo hauna madhara makubwa. Kwetu, kuanzia Juni hadi Agosti, mambo matatu hukutana barabarani saa ileile. Kwanza ni baridi, ambayo katika maeneo ya Kitulo hushuka chini ya sifuri nyakati za usiku. Pili ni vumbi, kwa kuwa kipupwe chetu ni majira ya kiangazi na barabara nyingi za vijijini hazina lami. Tatu ni jua la asubuhi, ambalo huchomoza likiwa chini, likampiga dereva usoni na kulifanya kila punje ya vumbi kiooni ing'ae. Saa hiyo ndiyo malori ya viazi na mbao yanapoanza safari, wanafunzi wanapotembea kando ya barabara, na mama mjamzito aliyesubiri usiku kucha anapopakiwa katika gari la kukodi kupelekwa hospitali.

Mwandishi wa makala haya alijifunza somo hili kwa njia isiyofaa. Asubuhi moja, akiendesha gari aliloazimwa, alijikuta nyuma ya lori lililokuwa likitimua vumbi zito. Kioo kilipochafuka alibonyeza swichi. Maji yalitoka vizuri, kwani yalikuwa bado hayajaganda tankini, lakini yalipogusa kioo baridi yaligeuka barafu papo hapo, na waipa zikayasambaza yakiwa yamechanganyika na vumbi hadi kioo kizima kikawa kama ukuta uliopigwa chokaa. Gari lilikuwa katika mwendo, na mbele kulikuwa na kona. Alisimama kwa kukisia tu mahali ulipo ukingo wa barabara, na alipofungua dirisha alisikia pikipiki ikipita karibu na mkono wake. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo hajaweka tena maji matupu katika tanki la waipa wakati wa kipupwe.

Sababu ya tukio hilo ni rahisi kueleweka. Kioo kilicholala nje usiku huwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Maji yanayotua juu yake katika utando mwembamba huganda mara moja, hata kama tankini yalikuwa majimaji kabisa. Yakiganda ndani ya tanki, hasara ni ya aina nyingine. Maji yanapogeuka barafu huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9, na kwa kuwa hayana pa kwenda, huweza kupasua tanki, kung'oa mpira unaopeleka maji kiooni au kuharibu pampu. Dereva anayeendelea kubonyeza swichi akitumaini kwamba maji yatatoka huunguza fyuzi, na wakati mwingine pampu yenyewe.

Dawa ya jambo hili ni kuyachanganya maji na kitu kisichoganda upesi. Katika nchi zenye majira ya baridi kali majimaji maalumu huuzwa kila kituo cha mafuta, na chupa huandikwa kiwango cha baridi inachostahimili. Katika maduka ya vipuri ya miji yetu pia huuzwa chupa za majimaji ya waipa, ila mnunuzi asiridhike na rangi ya buluu na picha ya kioo kinachong'aa. Mengi hutengenezwa kwa ajili ya nchi za joto. Husafisha vizuri, lakini huganda karibu sawa na maji. Atafute penye chupa tarakimu yenye alama ya kutoa na nyuzi za Selsiasi. Kama hakuna tarakimu hiyo, achukulie kuwa majimaji hayo si ya kipupwe chetu. Asome pia kama yanatumika yalivyo au yanapaswa kuongezwa maji, kwa maana kila kipimo cha maji kinachoongezwa hupunguza uwezo wa kustahimili baridi.

Asiyepata chupa hizo anaweza kutengeneza mchanganyiko wake. Achukue maji safi, yaliyochemshwa na kupozwa au ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa, pamoja na spiriti ya kusafishia vidonda ya asilimia 70 inayouzwa katika maduka ya dawa. Sehemu sita za maji kwa sehemu moja ya spiriti hutoa mchanganyiko unaoanza kuganda karibu nyuzi 4 chini ya sifuri. Sehemu tatu za maji kwa sehemu moja ya spiriti hufika karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Huo wa pili ndio tunaoupendekeza kwa wakazi wa maeneo ya juu na kwa yeyote anayesafiri kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa spiriti huvukizwa na upepo inapofika kiooni na kuacha maji yakiwa na nguvu ndogo kuliko yalipokuwa tankini. Matone matatu au manne ya sabuni ya maji kwa lita mbili yanatosha kuondoa mafuta na wadudu. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko, sigara au kibatari, kwa sababu spiriti hushika moto upesi.

Gharama ipo, hatukatai. Hata hivyo nusu lita ya spiriti hutosha kutengeneza lita mbili za mchanganyiko wa tatu kwa moja, na dereva anayekitunza kioo chake atautumia kwa siku nyingi.

Kuna sababu nyingine ya kutopenda maji matupu, nayo haihusiani na baridi. Mwaka 2010 watafiti wa afya ya jamii nchini Uingereza walichapisha uchunguzi kuhusu homa kali ya mapafu inayosababishwa na bakteria aina ya lejonela. Walibaini kuwa watu waliotumia magari yenye maji matupu katika tanki la waipa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kuliko wale ambao magari yao yalikuwa na majimaji maalumu ya kusafishia. Bakteria hao hustawi katika maji ya uvuguvugu yaliyotuama, na tanki lililo jirani na injini hupata uvuguvugu huo kila siku.

Sasa tuje kwenye vitu visivyofaa, maana hapa ndipo madereva wetu wanapoonesha ubunifu wa kila namna. Sabuni ya unga hufanya povu jingi, huacha michirizi, na chembe zake huziba vitundu vya kurushia maji. Kitakasa mikono kizito kama uji huziba vilevile, ingawa kina spiriti ndani yake. Mafuta ya taa hayagandi, ni kweli, lakini huacha utando unaotawanya mwanga wa taa za magari yanayokuja, na huozesha mipira ya waipa. Hayo yote ni makosa ya kupoteza fedha. Yapo makosa mawili ya kupoteza uhai.

La kwanza ni kutia kulanti, yaani majimaji ya rejeta, katika tanki la waipa. Anayefanya hivyo huwa amesikia kwamba kulanti haigandi. Hajaambiwa kwamba kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu inayoharibu figo, na ambayo mtoto au mbwa akiionja hutamani kuonja tena. Kiooni huacha utelezi wa mafuta, na uwanjani huacha vidimbwi vitamu penye kuku na watoto.

La pili ni methanoli. Huitwa spiriti, hufanana na spiriti, hunuka kama spiriti, na ni rahisi. Kwa hiyo baadhi ya watengenezaji wa majimaji ya waipa duniani wameitumia kwa miaka mingi. Spiriti ya kuwashia majiko nayo mara nyingi huchanganywa na methanoli ili isinywewe. Mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki, ambayo huua mshipa wa jicho. Vijiko vichache vyaweza kumpofusha mtu mzima, na kiasi kisichojaza kikombe cha kahawa chaweza kumuua. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2018 ya kuzuia majimaji ya waipa yenye methanoli kufikia asilimia 0.6 au zaidi yasiuzwe kwa wananchi, kwa sababu walikuwapo watu walioyanywa kama pombe wakafa. Chupa isiyotaja kilichomo ndani yake isinunuliwe, hata ikiwa nusu ya bei.

Ubaya wa sumu hizi mbili ni kwamba hazimwangushi mtu mara moja. Anayekunywa methanoli huweza kuonekana amelewa kidogo, akalala, akaamka salama. Kisha baada ya saa 12 au 24 huanza kutapika, kuumwa kichwa na kuona ukungu machoni. Kwa hiyo mtoto anayedhaniwa kuonja majimaji ya gari apelekwe hospitali saa ileile, akiwa mzima na akicheza, pamoja na chupa yenyewe ili mganga ajue anapambana na nini. Asilazimishwe kutapika. Wala majimaji haya, hata mchanganyiko wa spiriti tuliouelekeza hapo juu, yasihifadhiwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Tunafahamu kuwa hivyo ndivyo vyombo vilivyopo katika kila nyumba. Ndiyo maana tunalisema: tumia dumu lisilofanana na chombo cha kinywaji, liandike kwa kalamu nzito, liweke juu mahali ambapo mtoto hafiki.

Jambo jingine ni kujua mahali pa kumimina. Magari mengi yaliyopo kwetu yaliingizwa nchini yakiwa yametumika Japani, na maandishi chini ya boneti ni ya huko. Tanki la waipa hutambulika kwa mchoro wa kioo chenye vinyunyizio vya maji juu ya kifuniko, ambacho aghalabu ni cha plastiki laini. Asiye na hakika amuulize fundi kabla ya kumimina chochote. Maji ya sabuni yakiingia katika kikopo cha mafuta ya breki, gari laweza kwenda vizuri hadi mteremkoni, breki zikapata moto, maji yakachemka ndani yake, na pedali ikazama bila gari kusimama. Anayeijua barabara ya Chimala na Matamba, yenye zile kona tuziitazo Hamsini na Saba, hahitaji kuelezewa zaidi. Aliyekosea namna hiyo asiwashe gari kabisa. Amwite fundi alipo.

Hata mchanganyiko mzuri hauwezi kazi ya kuyeyusha jalidi nene. Jioni, funika kioo kwa boksi lililokunjuliwa, gunia au turubai, ukilibana kwa waipa. Asubuhi, washa injini, elekeza hewa ya moto kiooni, na ukwangue barafu kwa kipande cha plastiki. Maji ya moto yasimwagwe kamwe juu ya kioo kilichoganda, kwa kuwa kioo hupasuka kwa mshtuko wa joto. Waipa zilizoshikwa na barafu zisiwashwe kabla hazijaachia. Kioo kikishapata joto kutoka ndani, hapo ndipo urushe maji, nayo hayataganda. Ukibonyeza na maji yasitoke, acha swichi. Liegeshe gari juani au acha injini ilipashe tanki polepole.

Abiria wa gari la asubuhi naye ana neno la kusema. Dereva anayechungulia barabara kupitia tundu la ukubwa wa kiganja aliloling'arisha kwa leso anastahili kuombwa, kwa adabu, asubiri dakika tano zaidi kabla ya kuondoka.